Roboti, Rubani na Sindano ya Shaba: Nguvu za Mpiganaji Zatoka Wapi?

Leo tunaelekea Doha, mji mkuu wa Qatar, kuangazia mjadala ambao kwa masikio ya watu wazima huenda ukaonekana kuwa ni mchezo wa watoto, lakini ambao umedumu kwa zaidi ya miaka arubaini na kuwashughulisha watu wenye ndevu na mvi. Nao ni huu: katika katuni za Kijapani za kisayansi, zijulikanazo kama anime, uwezo wa mpiganaji hufanya kazi vipi? Je, nguvu zimo ndani ya chombo anachokiendesha, ndani ya mwili wake, au ndani ya kalamu ya mtunzi?

Doha ni mahali mwafaka pa kuuliza swali hilo. Wageni ni wengi mno kuliko wenyeji katika mji huo, na kila mgeni amefika na kumbukumbu za televisheni ya kwao. Mlebanoni, Mpalestina, Msudani na Mqatari wa makamo wanamkumbuka Grendizer. Mfilipino anayefanya kazi hotelini au hospitalini anamkumbuka Voltes V. Na Mkenya, Mganda au Mtanzania aliye zamu ya ulinzi kwenye lango la jengo refu amekuja na hoja zake alizozipata katika mabanda ya video ya nyumbani. Mwaka 2013 Taasisi ya Filamu ya Doha ilianzisha tamasha la filamu la vijana liitwalo Ajyal, ambalo lilikuja kuwa na uwanja maalumu wa mashabiki wa katuni, michezo ya kompyuta na vitabu vya picha, uitwao Geekdom. Mahali kama hapo, watu wa lugha mbalimbali hukutana wakiwa na ugomvi uleule.

Tuanze na huyo Grendizer. Mfululizo huo ulibuniwa na mchoraji Go Nagai na kutengenezwa na kampuni ya Toei. Ulionyeshwa nchini Japani kuanzia Oktoba 1975 hadi Februari 1977, ukiwa na sehemu 74. Mwishoni mwa muongo huo ulitiwa sauti za Kiarabu fasaha katika studio za Lebanon, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imo ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sauti ya shujaa ilikuwa ya mwigizaji Jihad al-Atrash, na wimbo wa ufunguzi uliimbwa na Sami Clark, aliyefariki dunia mwaka 2022. Kutoka Beirut, mfululizo huo ulienea katika televisheni za nchi za Kiarabu hadi Ghuba.

Kisa chenyewe ni cha mkimbizi. Duke Fleed ni mwana wa mfalme wa sayari ya Fleed, iliyoangamizwa na dola ya Vega. Anatoroka na roboti ya vita ya ufalme wao, anaanguka duniani, na analelewa na mwanasayansi wa Kijapani, Dakta Umon, anayempa jina jipya la Daisuke. Mchana anafanya kazi katika shamba la mifugo kama kijana yeyote yule. Vega wanapoishambulia dunia, anarudi kuwa yule aliyekuwa.

Sasa tuitazame silaha yake kwa makini. Roboti ya Grendizer ina urefu wa mita 30 na uzito wa tani 280. Ngumi zake hufyatuka na kuzunguka kama parafujo. Mapembe ya mabegani hung'oka na kuungana, yakawa mundu wenye makali pande mbili. Kifuani hutoka miali inayomwondolea adui uzito wake na kumwinua juu. Na kichwani, kwenye mapembe mengine, hukusanyika umeme unaotolewa kama radi. Lakini chombo hicho chenye nguvu zote hizo kina upungufu mmoja mkubwa: peke yake hakiwezi kuruka. Ili kipae ni lazima kiwe ndani ya kisahani kirukacho kiitwacho Spazer. Kinapotoka humo ili kipigane kwa miguu na mikono, kimejinyima anga.

Hapo ndipo mjadala unapoanza, nao una matawi mengi. Tutayachukua matatu.

Tawi la kwanza ni la mmiliki wa nguvu. Kundi moja husema kwamba roboti ni roboti: mpe mtu mwingine usukani, ngumi zitafyatuka vilevile. Kundi la pili hujibu kwamba Grendizer bila ya Duke Fleed ni chuma tu. Ili kuwaelewa wote wawili, inafaa tukumbuke kwamba kabla ya hapo Wajapani walikwisha kulijibu swali hili kwa njia nyingine. Katika hadithi ya Tetsujin 28, iliyobuniwa na Mitsuteru Yokoyama mwaka 1956, roboti iliongozwa kwa kidude cha mkononi kutoka mbali. Aliyekishika kidude ndiye bwana. Mwizi akikiiba, jitu lote la chuma linamtumikia mwizi. Mwaka 1972 Go Nagai akaja na Mazinger Z na kumweka rubani ndani ya kichwa cha roboti. Tangu hapo anayepigana anatikisika pamoja na chombo chake, na akikosea anaumia.

Ushahidi unaotajwa sana katika shauri hili ni filamu fupi ya Machi 1976, ambamo Grendizer anakabiliana na roboti nyingine ya Nagai, Great Mazinger. Kamanda wa Vega aitwaye Barendos anaiiba Great Mazinger kutoka katika jumba la makumbusho na kuiendesha mwenyewe. Wanaoishabikia Great Mazinger hudai kwamba pambano lile si kipimo cha haki, kwa kuwa aliyekuwa usukanini alikuwa mwizi asiyekijua chombo. Dai hilo lina uzito, lakini lina bei yake pia. Anayelitoa amekwisha kukubali kwamba ustadi wa rubani ni sehemu ya nguvu za roboti, na kwa hiyo hawezi tena kurudi kwenye urefu, uzito na idadi ya silaha na kusema kwamba hizo peke yake zinatosha kuamua mshindi.

Tawi la pili linahusu pengo. Duke Fleed anapotaka kukitoa Grendizer kwenye kisahani, kiti chake husafirishwa kutoka chumba cha rubani cha kisahani hadi kichwani mwa roboti, tena kikizunguka njiani. Kwa nini adui asipige wakati huo? Wafilipino walilikuta swali hilohilo katika Voltes V, mfululizo wa mwaka 1977 ulioongozwa na Tadao Nagahama. Humo vyombo vitano vyenye marubani watano huungana kwa nguvu za sumaku-umeme na kuwa roboti moja yenye upanga. Hadi viungane, hakuna roboti wala upanga. Kila shabiki aliyeitazama amewahi kujiuliza ni adui gani huyo mwenye adabu ya kusubiri hadi mwenzake amalize kuvaa.

Wasikilizaji wapenzi, kabla ya kuendelea hatuna budi kutenganisha aina mbili za majibu, kwa sababu sehemu kubwa ya ugomvi huu hutokana na kuzichanganya. Kuna jibu la ndani ya hadithi na kuna jibu la nje ya hadithi. Jibu la ndani husema: mabadiliko hutokea kwa muda mfupi mno, bali sisi watazamaji tunaonyeshwa polepole; au, chombo kinapoungana huwa kimezingirwa na nguvu zinazozuia mashambulizi. Jibu la nje husema: picha za kuungana zilichorwa mara moja kwa uangalifu mkubwa, kisha zikarudiwa katika kila sehemu, ili kuokoa fedha na muda wa wachoraji waliotakiwa kutoa sehemu moja kila wiki. Majibu yote mawili yaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja. Anayeuliza la ndani akajibiwa la nje huhisi amedhihakiwa, na anayeuliza la nje akajibiwa la ndani huhisi amedanganywa.

Mtunzi mwenye busara huyafunga majibu haya mawili kwa fundo moja. Mfano mzuri ni Mobile Suit Gundam, uliooneshwa Japani kuanzia Aprili 1979 chini ya uongozaji wa Yoshiyuki Tomino. Watengenezaji walitaka majitu ya chuma yapigane ana kwa ana, kwa panga na bunduki. Lakini katika zama za makombora yajiongozayo yenyewe na rada, nani atapigana kwa upanga angani? Wakabuni chembe ziitwazo chembe za Minovsky, ambazo zikitawanywa huvuruga rada na mawasiliano ya redio, na kumlazimisha rubani amwone adui kwa macho yake. Kanuni moja ikazaa namna nzima ya kupigana. Hata uwezo wa ajabu wa rubani kijana Amuro Ray, wa kuhisi uwepo na nia ya wengine kutoka mbali, unapata thamani kubwa zaidi kwa kuwa vyombo vya kuonea mbali vimezibwa. Kipofu wa rada anamhitaji mwenye jicho la ndani.

Tawi la tatu ni la silaha ya mwisho. Kama Grendizer ana radi inayoweza kummaliza adui, kwa nini asianze nayo? Na kwa nini kwanza alitaje jina la silaha kwa sauti kubwa, kana kwamba anamwonya anayepigwa?

Kuhusu kutaja majina, msikilizaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa sana. Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki ina utanzu mzima wa majigambo, ambamo mpiganaji hujitaja, huitaja silaha yake na kueleza atakalolitenda. Maneno hayo ni sehemu ya vita: humtia mwenye nayo moyo na kumtoa adui moyo. Katika majumba ya Doha ya miaka ya 1980, mtoto aliyesikia jina la silaha likitamkwa kwa Kiarabu fasaha alijifunza pamoja nalo lugha ambayo watu wa mtaani kwake hawakuizungumza. Ndiyo maana watu wazima wa leo waweza kusahau namna pambano lilivyokwisha, lakini hawaisahau sauti ya al-Atrash.

Ama kuhusu kuchelewesha silaha kubwa, jibu lenye nguvu zaidi limo katika suala la gharama. Duke Fleed ana jeraha la zamani mkononi, alilolipata kutokana na mionzi ya madini ya Vegatron, yale ambayo adui zake huyatumia katika silaha zao. Akikaribia mionzi hiyo, jeraha huamka na kumuuma, na linatishia uhai wake. Kwa hiyo kila anapoingia vitani anatumia mwili wake kama mtu atumiaye akiba isiyojazwa tena. Na Vega nao hawakusalimika: Vegatron hiyohiyo iliyowapa ushindi iliiharibu sayari yao wenyewe, wakabaki wakiihitaji dunia ili wapate pa kuishi. Sheria ya hadithi hii basi ni moja kwa pande zote mbili, nayo ni kwamba hakuna nguvu ya bure.

Baadaye katika mfululizo huo upungufu wa Grendizer unapata dawa, na dawa hiyo si silaha kubwa zaidi. Ni watu. Koji Kabuto anakuja na chombo kinachoungana na roboti na kuipa uwezo wa kuruka bila ya kisahani. Hikaru anakuja na cha kuiwezesha kupigana majini. Maria, dada yake Duke Fleed aliyedhaniwa amekufa, anakuja na cha kuchimba ardhi. Shujaa aliyefika peke yake anapata anga, bahari na ardhi kwa mikono ya wenzake.

Waswahili wamelijadili jambo hili tangu zamani, ijapokuwa bila ya roboti. Fumo Liyongo wa pwani ya Kenya, ambaye habari zake Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913, alikuwa na mwili usiodhurika kwa silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Hiyo ni kanuni ya uwezo wa mpiganaji, iliyotajwa waziwazi kama ile ya kisahani cha Grendizer. Mara tu msikilizaji anapoijua sindano, utenzi mzima unabadilika. Swali halihusu tena ukubwa wa nguvu za Liyongo, bali nani anaijua siri yake na nani ataitoa. Aliyeitoa alikuwa mwanawe mwenyewe. Na hata baada ya kuchomwa, Liyongo alipiga goti karibu na kisima akiwa na upinde wake, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Nguvu zake zilidumu kwa muda katika hofu ya wengine.

Kinyume cha Liyongo ni kanuni inayojulikana katika mabanda ya video ya Dar es Salaam na Mombasa: steringi hafi. Shabiki anayeitegemea kanuni hiyo hahitaji kujua silaha hufanyaje kazi, kwa kuwa amekwisha kujua atakayebaki amesimama. Lakini hadithi ambayo steringi wake hafi, haumii na hagharimiki, haina la kujadiliwa. Watu hubishana juu ya Duke Fleed kwa sababu jeraha lake linauma, na huendelea kumsimulia Liyongo kwa sababu sindano ilimwingia.

Je, mjadala huu una uzito wowote nje ya skrini? Historia inajibu kwamba unao. Mwaka 1979 Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino aliipiga marufuku Voltes V, sehemu za mwisho zikiwa hazijaonyeshwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ukatili wa mapigano. Lakini wapo waliotazama upande mwingine. Katika sayari ya Boazan, wanakotoka maadui wa hadithi hiyo, wenye pembe ni mabwana na wasio na pembe ni watumwa, na kisa kinaishia katika mapinduzi. Mtu akisema upanga wa Voltes V ndio nguvu yake, ataona ukatili. Akisema nguvu yake ni watano waliokubali kuwa mmoja, na watumwa walioinuka pamoja nao, ataona jambo ambalo mtawala wa kiimla ana sababu ya kulihofu. Kizazi cha Wafilipino kiliachwa bila ya mwisho wa hadithi, na baadhi yao ndio hao wanaofanya kazi Doha hivi leo.

Vivyo hivyo, waliomtilia Grendizer sauti mjini Beirut walikuwa wakizungumza maneno ya mkimbizi ambaye nchi yake imeteketezwa, huku nchi yao wenyewe ikiungua. Na kijana wa Kampala au Mwanza anayevaa sare mchana, akaitwa kwa jina la kazi, kisha usiku akapiga simu nyumbani na kurudi kuwa mwana wa fulani, haoni ajabu yoyote katika kisa cha Daisuke na Duke Fleed. Kwake yeye swali la wapi nguvu zinatoka halina uhusiano na chembe za mwanga.

Ipo pia kadhia ya lugha. Doha ilizindua chaneli ya watoto ya Al Jazeera mwaka 2005, ambayo mwaka 2013 ilibadilishwa jina kuwa Jeem, na moja ya nguzo zake ilikuwa kuwasemesha watoto kwa Kiarabu fasaha. Huko Saudi Arabia, mwaka 2022 mjini Riyadh ilisimamishwa sanamu ya Grendizer yenye urefu wa zaidi ya mita 33, ikiizidi hata roboti ya hadithini, na mwaka 2024 ulitoka mfululizo mpya uitwao Grendizer U kwa ushiriki wa kampuni ya Kisaudia ya Manga Productions. Waliokuwa watazamaji sasa wamekuwa washirika katika utengenezaji.

Na Kiswahili je? Sisi tulikuwa na wafasiri wa mabanda ya video. Nchini Tanzania alivuma Lufufu, nchini Kenya akavuma DJ Afro, na huko Uganda VJ Jingo alifanya kazi kama hiyo kwa Kiganda. Mabwana hawa hawakuishia kutafsiri maneno. Walieleza kwa nini pigo fulani limempata adui, nani ana kisasi na nani, na mbinu gani inakuja. Kwa maneno mengine, walikuwa wakitoa majibu ya ndani ya hadithi, papo kwa papo, mbele ya hadhira iliyokuwa tayari kupinga. Hiyo ni hazina. Mtoto wa Kiswahili anayezaliwa Doha au Muscat ataijadili Gundam kwa lugha itakayomfikia kwanza ikiwa na istilahi zake. Kama parafujo, mundu, kisahani, mionzi na sumaku-umeme havitatamkwa kwa Kiswahili katika mapambano anayoyapenda, atavijua kwa lugha nyingine, na Kiswahili kitabakia lugha ya salamu.

Kwa kumalizia, wasikilizaji wapenzi, anayetaka kushiriki mjadala wa namna hii kwa haki na azingatie mambo matatu. Kwanza, aseme mapema kama anatafuta jibu la ndani ya hadithi au la nje. Pili, aishike kanuni iliyoonyeshwa katika hadithi yenyewe, si ile anayoitamani. Kama roboti hairuki, basi hairuki, hata tukimpenda vipi rubani wake. Tatu, aulize gharama: nani anaulipia uwezo huu, na analipa nini? Swali hilo la tatu ndilo ambalo washabiki wa Tetsujin, wa Voltes V, wa Grendizer na wa Liyongo wanaweza kulijibu wakiwa wamekaa kwenye meza moja, kila mmoja kwa ushahidi wa kwao.